Sisi Tuliozaliwa Tarehe Moja Januari

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ofisi yetu mjini Migori ilikuwa na kompyuta moja, feni moja na kapeti ya buluu, na msimamizi wangu aliamini kwamba vumbi la viatu likiingia kwenye mashine barua zote zitafutika. Nilivua nikaviacha mlangoni. Jioni nilipotoka viatu havikuwepo. Nilirudi nyumbani na ndala za kuazimwa, zote mbili za mguu wa kushoto. Barua zilikuwa salama kabisa.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kazini, hasa nyinyi mnaonipigia kuniuliza, "Madam Rose, zamani mlikuwa mnafanyaje?" Zamani tulikuwa tunakisia. Tofauti yenu na sisi ni kwamba nyinyi mnakisia haraka zaidi. Vyeo nilivyopata sitavieleza, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja baada ya mimi kusahau kwamba nilikiomba. Nitaeleza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza kompyuta za vituo vya afya. Shirika letu lilikuwa dogo na siku hizi halipo tena. Leo ungekuwa Ntimaru karibu na mpaka, kesho Karungu kando ya ziwa, kesho kutwa umevuka kwenda Magunga upande wa Homa Bay. Nilikuwa nimesomea upigaji chapa, si kompyuta, na kwa miezi ya kwanza nilichojua kwa uhakika ni mahali pa kuiwasha.

Aliyenifundisha ni Mzee Chacha wa Ntimaru. Alikuwa fundi wa taipureta, na taipureta zilipokufa shirika lilimchukua kutengeneza printa. Vifaa vyake viliingia kwenye mfuko mmoja wa koti: bisibisi, brashi ya rangi ambayo haikuwahi kuona rangi, na spoki ya baiskeli ya kuchomolea karatasi zilizokwama. Safari yetu ya kwanza pamoja tulikwenda Karungu, ambako kompyuta ilikuwa imekataa kuwaka. Mimi nilifungua daftari langu la mafunzo nikaanza kusoma hatua ya kwanza. Chacha aliinama akainusa mashine.

"Hii imekula wadudu wa ziwa," akasema.

Tulifungua kifuniko. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi walikuwa wamejaa humo ndani, wamekauka, wamejipanga juu ya feni kama matandiko. Alipiga brashi nusu saa, akafunga, ikawaka. Nililiweka daftari kwenye mkoba. Kuanzia siku hiyo nami nilinusa kila mashine kabla ya kuigusa, na msidhani ni mzaha. Waya ulioungua una harufu yake, mkojo wa panya una harufu yake, na chai ya maziwa iliyomwagwa na mtu ambaye hataki kukiri ina harufu yake pia.

Miaka ile adui yetu mkubwa alikuwa virusi vya kompyuta. Mtu alichomeka fleshi yenye nyimbo za kwaya, kesho yake faili zote za kliniki zimegeuka herufi za ajabu. Nilisafisha mashine Jumatatu, Ijumaa naitwa tena, kwaya ileile. Ndipo nilipokutana na Mwalimu Wycliffe Ouma wa Magunga, mwalimu wa hisabati aliyekuwa akitusaidia siku za likizo. Wycliffe hakuwahi kucheka mbele yangu hata mara moja. Ukimweleza kichekesho alikisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuuliza kama kilitokea kweli. Ni yeye aliyetuletea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao virusi vile havikuuweza, na neno jipya: programu huria.

Kwa wasioijua, programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadilisha na kuwagawia wengine. Ni kama jirani anayekuruhusu ufunue sufuria yake, uonje, na uongeze chumvi. Nyingine zote ni jirani anayekupa sahani tu, na ukiugua tumbo anakushauri ununue sahani mpya.

Wauguzi hawakufurahi. Walilalamika kwamba kila kitu kimehamishwa, kama mtu aliyeingia jikoni kwake akakuta vijiko vimepangwa na mama mkwe. Ili tusaidiane tulianzisha kikundi cha WhatsApp cha mafundi na makarani wa Migori na Homa Bay wanaotumia programu huria. Tuliweka sheria moja. Kila Ijumaa kutakuwa na swali moja la kazi na swali moja la kipuuzi, ili watu wasichoke.

Nyinyi mmekikuta kikundi hicho, kwa hiyo mnajua yaliyoipata ile sheria. Swali la kazi lilipata majibu mawili. Swali la kipuuzi lilipata majibu mpaka Jumatano. Tulibishana kwa nini omena, dagaa wetu wa ziwani, akikauka anaendelea kukutazama. Tulibishana kama ng'ombe wa Ntimaru aliyenunuliwa ng'ambo ya mpaka anaelewa Kiswahili vizuri kuliko sisi, na wengi walikubali kwamba anatuelewa ila anatuonea huruma. Wycliffe, ambaye shule yake haiko mbali na mbuga, aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kumsikia twiga akikohoa. Alimaanisha. Alitaka tarehe na mahali.

Mzee Chacha aliandika kila kitu kwa herufi kubwa. Nilimweleza kwa heshima kwamba mtandaoni herufi kubwa ni kupiga kelele.

"NAJUA," akajibu. "KUTOKA NTIMARU NI MBALI."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Vituo vyetu vilikuwa vimeanza kutumia programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa, iliyotungwa na watu wa nchi za mbali wanaojitolea. Ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tabia moja. Kila karani alipomwandikisha mgonjwa ambaye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vilifanana na vya mgonjwa mwingine, ilisimama na kuuliza: Je, huyu ni mtu mmoja? Ndiyo au Hapana. Ukibofya Ndiyo, inaunganisha mafaili mawili yanakuwa moja. Neno Ndiyo lilikuwa limeshawekewa rangi, limekaa tayari kubofywa.

Ilikuwa ikiuliza mara nyingi mno. Katika kituo kimoja upande wa Karungu, ambacho sitakitaja, foleni ilikuwa inafika nje mpaka kwenye tangi la maji, na karani, Millicent, aliniuliza afanye nini.

"Ni wagonjwa walioandikishwa mara mbili," nilimwambia. "Ikikuuliza, bofya Ndiyo uendelee. Usichelewe."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, mkoba begani, nikiwahi gari. Millicent aliandika kwenye karatasi akaibandika kando ya skrini: BOFYA NDIYO.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye kituo hichohicho, chini ya meza, nikitafuta waya wa printa. Upande wa pili wa pazia Sista Boke, muuguzi, alikuwa akimhudumia mama mmoja muuza omena anayeitwa Akinyi Otieno, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni.

"Sindano gani hiyo?" Akinyi akauliza.

"Penisilini, mama."

"Hiyo mimi sitaki. Ilinifurisha uso, nikaanguka hapa hapa mlangoni. Mliandika."

Sista Boke alitazama skrini. "Mama, kompyuta inasema huna shida na dawa yoyote."

"Basi idunge kompyuta," Akinyi akasema.

Nilicheka kule chini ya meza. Sista Boke hakucheka. Nilisikia akiiweka sindano kwenye trei. Kisha akaniita. "Madam Rose, hebu njoo uone kitu. Hapa pameandikwa kwamba huyu mama amejifungua mwezi uliopita."

"Nani amejifungua?" Akinyi akauliza. "Kitinda mimba wangu yuko kidato cha pili!"

Nilitoka chini ya meza nikaisoma ile skrini. Lilikuwa faili moja lenye watu wawili ndani yake. Akinyi Otieno muuza omena, na Akinyi Otieno mwingine, mwanamke wa umri mdogo zaidi, fundi cherehani, wote wa eneo lilelile, wote wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe moja Januari mwaka uleule. Mafaili yalipounganishwa, programu ilibakiza sehemu ya mzio kutoka faili la yule fundi cherehani, nayo ilikuwa tupu. Tulikwenda stoo tukafunua rejista ya zamani ya karatasi. Jina la muuza omena lilikuwa pale, na kando yake, kwa wino mwekundu: HAPANA PENISILINI.

Sista Boke alimpa dawa nyingine. Akinyi alikwenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Ni kwa sababu alijua mwili wake na hakuogopa kubishana, na kwa sababu Boke alimsikiliza. Mimi sikuchangia chochote isipokuwa kicheko.

Programu ilikuwa imeandika ni nani aliyebofya Ndiyo. Mkuu wa kituo alimwita Millicent, akamkaripia mbele yetu sote, akasema ataandika barua ya onyo. Millicent alikuwa analia bila sauti. Alinitazama mara moja tu. Ile karatasi yake ilikuwa bado imebandikwa kando ya skrini, na mkuu wa kituo aliibandua akaikunja akaitupa bila kuuliza ilitoka wapi.

Nami sikusema kitu. Hili ndilo nataka mlijue, maana kwenye sherehe yangu ya kuagwa mlisema maneno mengi mazuri na hakuna aliyelitaja. Nilikusanya vifaa vyangu nikapanda gari. Nikiwa njiani niliandika kwenye kikundi, kama swali la kazi: "Jihadharini na kuunganisha mafaili. Karani mmoja amekosea, mgonjwa amenusurika."

Watu walijibu pole, Mungu mkubwa, makarani wa siku hizi. Kisha ukaja ujumbe wa Mzee Chacha, nje ya kikundi, kwangu peke yangu. Katika miaka yote ile hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiandika kwa herufi ndogo.

"rose, nani alimfundisha?"

Kesho yake asubuhi nilirudi Karungu. Nilianza na mkuu wa kituo, nikamwambia kosa ni langu na maneno yalikuwa yangu. Alinikaripia vizuri sana. Alikuwa na kipaji. Kisha nilimwendea Millicent nikamwomba msamaha. Alisema, "Nilijua utarudi," ingawa baadaye alikiri kwamba hakujua hata kidogo, alisema tu ili nisizimie.

Kisha nikaenda ufuoni kumtafuta Akinyi. Nilimkuta akianika omena kwenye neti, mguu umefungwa bandeji. Nilimweleza yote, tangu mkoba begani mpaka kicheko chini ya meza. Alinisikiliza huku akitawanya samaki kwa mkono.

"Kwa hiyo si kompyuta iliyotaka kuniua," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Afadhali. Kompyuta ningeigombeza vipi?" Akainua macho juu ya ziwa, kulikuwa na wingu jeusi linakuja. "Shika neti huko mwisho. Mvua haitungojei tumalize kuongea."

Tulikusanya neti tisa. Nilirudi Migori nikinuka omena kiasi kwamba jirani yangu wa kiti alifungua dirisha ijapokuwa mvua ilikuwa inanyesha.

Siku hiyohiyo niliandika ukweli kwenye kikundi, kwa jina langu. Kisha wakaanza, mmoja baada ya mwingine. Karani wa Ntimaru: hata sisi tunabofya Ndiyo. Fundi wa Homa Bay: mimi pia niliwaambia hivyo. Wycliffe aliandika: "Naomba kila mmoja ataje idadi." Hakumlaumu mtu. Alitaka idadi.

Mimi na Millicent tulikaa stoo wiki kadhaa na zile rejista za karatasi, tukitenganisha watu. Tulikuta zaidi ya jozi sitini kwenye kituo kile pekee. Mchwa walikuwa wamekula rejista mbili, na kwa hizo tulitembea nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wao ni nani. Mzee mmoja alituambia kwamba kama serikali imemsahau, yeye hana haraka ya kuikumbusha. Ntimaru kulikuwa na Boke Chacha wanne katika faili moja, na kwa mujibu wa faili hilo alikuwa mwanamke mmoja mwenye afya ya kutisha.

Wakati huohuo tuliwaandikia wale watungaji wa programu kwenye jukwaa lao mtandaoni. Aliyetujibu alikuwa mtu wa nchi ya baridi, ambaye kwenye picha yake alikuwa amevaa glavu, kwa hiyo tukamwita Bwana Glavu. Alijibu kwa adabu kwamba uwezekano wa watu wawili wa eneo moja kuwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa ni mdogo sana.

Nilipolitafsiri jibu hilo kwenye kikundi, lilishinda maswali yote ya kipuuzi ya mwaka ule. Kikundi chenyewe kilikuwa na akina Otieno watano. Tulikuwa tunawatofautisha kwa kazi: Otieno wa Printa, Otieno wa Betri, na kadhalika mpaka Otieno Asiyelipuka, ambaye ana hadithi yake. Watatu kati yao vitambulisho vyao vilisema tarehe moja Januari.

Wycliffe alituma maelezo ya kurasa tatu yenye hesabu. Chacha alinipa ujumbe wake nimtafsirie, na akasisitiza nisipunguze herufi:

"BWANA, HUKU WENGINE TULIZALIWA WAKATI WA PALIZI NA WENGINE MWAKA WA NZIGE. TAREHE MOJA JANUARI TULIPEWA NA KARANI SIKU YA KUANDIKISHA KITAMBULISHO. NA MAJINA TUNAWAPA WATOTO KWA UTARATIBU, HATUBAHATISHI."

Jibu la Bwana Glavu lilikuja baada ya siku mbili. Aliporudi hakubishana. Alisema hakujua, akashukuru, kisha akauliza kitu kimoja: je, basi sisi wote tunasherehekea siku ya kuzaliwa pamoja?

"HATUSHEREHEKEI," Chacha akajibu. "SIKU HIYO TUNAKUWA TUMECHOSHWA NA MWAKA MPYA."

Kwa kuwa programu ilikuwa huria, hatukuhitaji kumngoja mtu. Wycliffe alisoma maandishi yake ya ndani jioni baada ya vipindi, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha mtihani. Aliibadilisha ili kwanza iulize jina la mama na kijiji, kisha ioneshe mafaili mawili bavu kwa bavu, na pasiwe na jibu lililopakwa rangi likisubiri mtu mwenye haraka. Alilituma badiliko kwa Bwana Glavu. Bwana Glavu alilirudisha, akilalamikia nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Alilituma tena, likarudi kwa sababu ya nafasi nyingine tupu. Mara ya tatu Wycliffe aliniambia, bila kutabasamu, kwamba hatimaye amempata mtu anayemwelewa.

Lilipokelewa. Toleo jipya lilipotoka, kwenye orodha ya shukrani kulikuwa na jina la Wycliffe, la Millicent, langu, na mwishoni, kwa herufi kubwa, CHACHA. Mzee aliomba nimchapie ukurasa ule. Mke wake aliniambia aliuweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu. Aliuacha humo mpaka alipofariki mwaka uliofuata, na watu wa kikundi tulikwenda Ntimaru kumzika, Otieno wote watano.

Nilibaki kazini miaka michache zaidi. Akinyi muuza omena na Akinyi fundi cherehani walijuana kwa sababu yetu, na siku hizi mmoja anavaa magauni yanayoshonwa na mwenzake. Barua ya onyo ya Millicent haikuandikwa. Alisomea kazi hii rasmi, na nilipostaafu ndiye aliyekikalia kiti changu. Anafundisha vizuri kuliko mimi. Hafundishi akiwa na mkoba begani.

Sasa ninalima karanga. Mwezi uliopita nikiwa shambani simu iliita, namba nisiyoijua, sauti ya msichana.

"Madam Rose? Shikamoo. Mimi ni Velma, karani mpya wa kituo cha huku upande wa Magunga. Nimefuta watu."

"Marahaba, Velma. Lakini mimi nimestaafu. Mpigie Madam Millicent."

"Nimeshampigia, nimemwambia ni mimi. Yuko njiani." Akashusha sauti. "Ni kwamba niko peke yangu hapa, na amesema itamchukua saa moja kufika."

Niliweka jembe chini nikakaa kwenye tuta.

"Umefuta wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Mimi niliharibu zaidi ya sitini," nikamwambia. "Vuta kiti nikueleze."